Karatasi Isiyo na Salamu

Mtuhumiwa alikuwa anakula vizuri kuliko mpelelezi wake, na jambo hilo lilimkera Inspekta Sephora Kaumba tangu alipofungua mlango wa kashoti, chumba cha mahabusu. Nasibu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sahani ya bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo mapajani, na mlinzi wake amekaa mkabala naye, akimega kutoka sahani hiyohiyo. Amida, mke wa Nasibu, hakuwahi kujifunza kupika chakula cha mtu mmoja. Mumewe alikuwa ameingizwa ndani jana tu, na tayari kituo kizima cha polisi cha Kamina kilikuwa kimemzoea mama huyo.

"Mama Inspecteur, karibu ku chakula," Nasibu alisema. "Iko ya moto bado."

"Minyi nilikuya kukuuliza maulizo, papa Nasibu. Sikukuya kukula."

"Mutu anaweza kuuliza na kinywa yenye kujaa."

Sephora alimeza mate, akafungua faili lake na kumwuliza kwa kinywa kitupu.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisimulia. Nasibu alikuwa mfanyabiashara wa ukoo wa Maniema. Vita vilipofika Kongolo mwaka uliopita alikimbia, akaacha duka, akaacha vitanda, akaja Kamina na familia yake na mashine moja ya ronéo, ile ya kuchapa karatasi kwa kuzungusha mkono. Kwa mashine hiyo alichapa karatasi za kueleza jinsi ya kumsaidia mgonjwa wa kipindupindu kwa maji, sukari na chumvi wakati muuguzi hajafika. Ndipo Xavier, mwenye duka la dawa karibu na soko, alipoleta mashtaka: maneno yote ya karatasi hizo yametoka katika kitabu chake, kitabu chenye haki zote, na Nasibu ni mwizi. Mwendesha mashtaka akataka jibu. Sephora mwenyewe ndiye aliyetia lakiri nyekundu kwenye mashine na kwenye katoni za karatasi, na sasa mali yote hiyo ilikuwa imepangwa nyuma ya meza yake.

Kilichomnyima raha ni treni. Kipindupindu kilikuwa kimeshika Bukama, huko mtoni na katika kambi za waliokimbia vita, na Jean muuguzi alikuwa amepata nafasi kwenye treni ya kwanza kwenda huko baada ya majuma mengi. Treni ingeondoka leo. Saa ngapi, hata dereva hakujua. Yeye alingoja mafuta, na mafuta yalingoja neno la wanajeshi. Treni ikiondoka bila zile karatasi, ya pili inaweza kuja mwezi ujao au baada ya vita. Na sheria ilikuwa wazi: kilichotiwa lakiri hakitoki mpaka ijulikane ni mali ya nani.

"Hii maneno ulipata wapi?" aliuliza.

"Kwa mama Augustine, wa ku phonie, ile redio ya kamati."

"Na yeye?"

"Mu hewa." Nasibu alielekeza kidole juu, kwenye bati. "Minyi niliona karatashi inatoka mu mashini yake. Haina jina ya mutu, haina jambo-yenu, haina kintu. Inaanza tu: maji safi, lita moja. Nikamuambia, mama, hii karatashi yako inaingia mu nyumba ya bantu bila hodi!"

"Ulimuuliza kama banakubali ichapwe?"

"Niliuliza juu ya namba zenye zilikuwa ndani, zilinisumbua, akanifasiria." Akaweka sahani chini. "Ruhusa sikuuliza, mama. Mudogo wa bibi yangu iko ku Bukama na batoto yake. Nilizungusha mashini tu, mpaka mukono ikavimba."

Sephora alimtazama. Alikuwa amewahoji wezi wa shaba, wezi wa mbuzi na kanali mmoja mwizi wa saruji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwonyesha mkono uliovimba kwa kugawa. Alimpenda mzee huyu, na hilo lilimwudhi, kwa maana kumpenda mtuhumiwa hakuandikwi kwenye faili.

Duka la Xavier lilinukia sabuni na vitamini. Xavier mwenyewe alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye kola, na juu ya kaunta aliweka kitabu chembamba chenye jalada la kung'aa. Picha ya mama na mtoto, jina la Xavier kwa herufi nene, na chini yake: Haki zote zimehifadhiwa.

"Nilipata droits zake ku Lubumbashi," alisema. "Ku professeur moja, mutu mukubwa. Jina lake siwezi kutaja, anapenda kimya."

"Anapenda kimya lakini anaandika bitabu."

"Njo vile bakubwa beko, Mama Inspecteur."

Sephora alivuta kigoda, akakaa, akalinganisha. Karatasi ya Nasibu kushoto, kitabu cha Xavier kulia, kidole juu ya kila mstari. Mpango wa maneno ulikuwa mmoja. Maji safi, sukari, chumvi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, hata akitapika. Kisha ule mstari uliomgusa tangu jana alipousoma mara ya kwanza: Mtoto akilia bila machozi, usingoje kesho. Ulikuwa upande wa kushoto, ulikuwa upande wa kulia. Mmoja wa watu hawa wawili alikuwa amenakili kwa mwenzake, au wote wawili walikuwa wamenakili kwa mtu wa tatu.

Tofauti moja tu ilikuwapo. Karatasi ya Nasibu iliandika sukari vijiko 6. Kitabu cha Xavier kiliandika sukari vijiko 6/6.

"Hii sita ya pili ni ya nini?"

Xavier alikohoa. "Ni dose. Bijiko sita asubui, sita mangaribi."

"Na maji, lita 1/1?"

"Moja asubui, moja mangaribi. Ni science, mama."

Mama mmoja aliyekuja kutafuta dawa ya kikohozi alisogea karibu ili asikie hiyo science vizuri. Sephora alifungua ukurasa wa kwanza.

"Hapa banaandika, kitabu iko na sura 3/3. Ni tatu asubui na tatu mangaribi?"

"Ile..."

"Na hapa ku mwisho, mwaka 1996/1996. Ile mwaka ilikuya asubui, kiisha ikarudia mangaribi?"

Mama wa kikohozi aliangua kicheko, akashika kaunta. Ile kola ya Xavier ikaanza kulowa jasho. Sephora naye alikuwa anacheka, ila kwa sababu nyingine. Alikuwa amemsikia baba yake.

Marehemu Éliézer Kaumba alikuwa mkuu wa stesheni, na watoto wake wote walizaliwa na kulelewa katika nyumba za watu wa reli. Kwenye reli, namba haisemwi mara moja. Treni namba kumi na nne ikisikika namba kumi na nane, watu wanakufa. Kwa hiyo kila anayezungumza kwenye laini hutaja namba, kisha huirudia. Mzee alikuwa anarudi nayo hadi mezani. Sephora, leta sahani tano, tano. Alipokuwa anamwadhibu mtoto kwa viboko viwili, watoto walikuwa wanamwomba Mungu baba asirudie. Katika Kamina nzima, ni mtu wa phonie ya reli tu ambaye angeandika kijiko cha sukari kana kwamba ni behewa.

"Papa Xavier, professeur yako alitumikaka ku chemin de fer?"

"Hapana!"

"Basi hii maneno ilipita mu mikono ya mama Augustine, alikuwaka ku phonie ya chemin de fer. Yeye njo anaandika namba mbili-mbili. Nasibu aliona, akauliza. Weye uliona, ukanyamaza, ukaitia mu kitabu."

Xavier alitazama mlango, akatazama dari, akashusha mabega.

"Alinipatia karatashi nibandike ku mulango," alisema kwa sauti ndogo. "Nikaona iko muzuri sana, haifai ya mulango tu." Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu, akainua kichwa. "Bon. Kama haiko yangu, haiko ya Nasibu vilevile! Iko na mwenyewe, na mwenyewe hatumujui. Bantu bote babili ni bezi. Uandike vile."

Alikuwa amesema kweli, na Sephora alijua. Chumvi na sukari hazina mwenyewe, dunia nzima inazijua. Lakini maneno yana aliyeyapanga, na huyo aliyepanga hakuwa Kamina. Hapo hasa honi ya treni ikalia kule stesheni, ndefu, ya furaha. Mafuta yalikuwa yamepatikana.

"Funga duka," Sephora alisema. "Tunaenda confrontation."

Makabiliano hayo yalipita katikati ya mji hivi: Sephora mbele na faili, Xavier nyuma yake na shati lake, Nasibu nyuma ya Xavier, na mlinzi wa Nasibu mwishoni akiwa amebeba bunduki begani na sahani mkononi, kwa sababu Amida alikuwa amewapata njiani. Ndege ya jeshi ilipita chini kuelekea uwanja wa kambi, na wote wakainama kwa mazoea bila kukatiza mazungumzo.

Nyumba ya phonie ilikuwa chumba kimoja cha kamati ya afya, na waya mrefu uliotoka dirishani hadi kwenye mti wa parachichi. Ndani kulikuwa na redio, betri ya lori, kompyuta ya rangi ya maziwa yaliyoungua, na mama Augustine. Alikuwa amefanya kazi ya phonie ya reli mpaka mishahara ilipoacha kuja, na hadi leo alivaa kofia ya reli mvua ikinyesha na jua likiwaka. Alipoeleza kazi yake ya sasa, alieleza kwa fahari. Kompyuta inaandika, redio inapiga kelele kama bata, kelele zinapita hewani mpaka kwenye mitambo ya mbali, na huko zinageuka tena kuwa maandishi.

"Ku Bulaya kuko mashini moja hailalake," alisema. "Unaiandikia jina ya kitabu ya munganga, inakurudishia kitabu. Haiulize weye ni nani. Mashini ya adabu sana."

"Na ile karatashi ya kuhara, wakati ilifika, ilikuwa na jina ya mwenyewe?"

"Ilikuwa na mambo mingi ku kichwa. Nilikata, ingine nikageuza mu Kiswahili, namba niliacha."

Sephora alishusha faili.

"Ulikata nini, mama?"

"Salamu." Augustine aliwatazama mmoja mmoja, akishangaa kwamba kuna mtu wa kuelezwa. "Ilikuwa inaanza na salamu, salamu, salamu. Ku chemin de fer tunakataka. Message ni namba ya treni, stesheni na saa, basi! Mwenye kutia jambo-yenu ku laini, chef anamukata mushahara. Miaka makumi mbili, mbili, sijapitisha salamu ya mutu."

Nasibu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama! Kwetu mutu akiingia ku boutique bila salamu, hata chumvi hatumuuzishie. Weye unakata salamu ya munganga?"

"Treni zangu hazikugongana," Augustine alijibu.

"Tulieni," Sephora alisema. Alikuwa ameona njia. Kama salamu zilikatwa hapa, basi kule zilikotoka bado zipo nzima. "Ile message iko wapi?"

"Nilifuta. Mashini hii iko na tumbo ndogo."

"Jina ya kitabu unakumbuka?"

"Ilikuwa mu kichwa."

"Yenye ulikata."

"Yenye nilikata," Augustine alikiri, na kwa mara ya kwanza akavua ile kofia.

Basi wakaanza kutafuta. Sephora aliamuru, Augustine akachapa, na Xavier akawekwa kwenye kona kama shahidi asiyetakiwa kugusa kitu. Kwanza waliiomba ile mashine ya Ulaya iwatajie vitabu vyake vya kuhara. Redio ikapiga kelele za bata. Hewa ilikuwa nzuri siku hiyo, mvua ikiwa bado upande wa ziwa Kisale, na kabla sahani ya Amida haijaisha jibu likarudi. Vitabu vilikuwa viwili. Kuvileta vizima kungechukua hadi usiku, kwa hiyo Sephora aliomba mistari ya mwanzo tu ya kila kimoja, pamoja na ile mistari inayoeleza dalili za hatari kwa mtoto.

Cha kwanza kilipotokea kwenye kioo, Xavier alinyoosha shingo, akasoma Kifaransa chake kwa sauti kabla hajaulizwa. Mchapishaji fulani, mji fulani, hakuna ruhusa ya kunakili hata sehemu bila idhini ya maandishi.

"Njo ile!" alisema. "Mumeona? Njo ile! Maji, sukari, chumvi, yote iko ndani. Nasibu anarudia mu kashoti."

Nasibu alikaa polepole juu ya kasha la betri. Honi ya treni ikalia tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kuita abiria. Mlinzi aliacha kutafuna.

Sephora aliinama mbele ya kioo, kidole kwenye mstari, kama alivyofanya dukani. Maji, ndiyo. Sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko, ndiyo. Dalili za hatari: macho yaliyoingia ndani, ngozi isiyorudi upesi ikivutwa. Alisoma mara ya pili.

"Mutoto yenye kulia bila machozi iko wapi?" aliuliza.

Xavier akatafuta, akatafuta tena.

"Haiko," alisema.

"Haiko. Chumvi na sukari inaweza kuwa mu kila kitabu, ju dawa ni ileile. Lakini ile maneno ya machozi iko mu karatashi ya Nasibu, na iko mu kitabu yako. Hapa haiko. Hii si mama yao. Mama Augustine, leta ya pili."

Kelele za bata zilianza, zikakatika. Augustine aligonga redio kwa kiganja, pale alipojua yeye. Zikaanza tena, zikaenda, na mistari ikaanza kushuka kwenye kioo mmoja baada ya mwingine, taratibu kama mtu anayevua viatu mlangoni. Sephora aliruka kichwa chote, akaenda moja kwa moja chini kwenye dalili za hatari, na hapo akaukuta kwa Kifaransa: mtoto akilia bila machozi, usingoje kesho.

"Eyo vidye!" Augustine alisema kwa Kiluba, lugha yake ya kushukuru.

"Sasa ile yenye ulikata," Sephora alisema. Alipanda juu ya ukurasa na kutafsiri polepole, mstari kwa mstari, kila mtu akisikiliza, hata mlinzi.

*Salamu kwenu nyote mtakaoupata waraka huu, popote mlipo. Salamu kwa aliye na umeme na kwa asiye nao. Sisi tulioandika ni wauguzi na madaktari, majina yetu yako hapa chini. Nakilini waraka huu, utafsirini, ufupisheni, ugaweni. Msiandike kutuomba ruhusa, maana hizi salamu ndizo ruhusa. Tunaomba mambo matatu tu: msiuuze kwa faida, msifute majina yetu, na msiziondoe salamu hizi, ili kila atakayeupata baada yenu ajue kwamba naye anaruhusiwa. Mwaka 1996.*

Nasibu alisimama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na alicheka katikati yake bila kuona haya.

"Nililala mu kashoti ju ya salamu!" alisema. "Bibi yangu! Amida, sikia! Nililala mu kashoti ju ya salamu!"

Amida alipiga kigelegele kutoka chini ya parachichi, kabla hata hajaelewa vizuri. Augustine aliketi na kofia yake mapajani, akasoma ule mstari wa kwanza tena na tena kwa midomo bila sauti.

"Pole, papa Nasibu," alisema mwishowe. "Nilizani ni maneno ya bule."

"Lakini ngojeni," Xavier alisema kutoka kwenye kona yake, kwa sababu kuna watu ambao hawawezi kuona mlango uko wazi bila kutafuta kufuli. "Banasema musiondoe salamu. Karatashi ya Nasibu haina salamu. Basi alikosa. Droit ni droit, Mama Inspecteur."

Sephora alimgeukia taratibu, na akatabasamu kwa namna ambayo wezi wa mbuzi waliifahamu.

"Bien dit. Karatashi ya Nasibu inakosa ukurasa moja. Basi tutaitia. Na yako, papa Xavier, inakosa salamu, inakosa majina, na inauzishwa kwa faida. Ile tutazungumza kiisha, mangaribi. Pengine mara mbili, asubui na mangaribi."

Wenye maneno sasa walijulikana, kwa hiyo katoni ziliweza kutoka. Tatizo lilikuwa mashine, maana ronéo ilikuwa na lakiri, na lakiri haivunjwi ovyo. Lakini aliyeitia alikuwa yeye, na sheria inamruhusu mpelelezi kufungua kielelezo kwa ajili ya uchunguzi. Sephora aliandika kwenye faili, akiwa amesimama, kwamba mashine itajaribiwa ili kuthibitisha kama kweli inachapa. Kisha akakimbia. Wote wakakimbia. Augustine alikimbia na stensili aliyoichapa kwa pupa, ameishika juu kama sahani ya mayai.

Uchunguzi huo ulifanyika uani mwa kituo cha polisi mbele ya umati. Sephora alivunja lakiri kwa kisu cha mkate. Nasibu akazungusha, mkono mmoja ulipochoka akatumia mwingine, mlinzi akampokea, na Amida akampokea mlinzi. Karatasi zilitoka zikinukia wino, zote na salamu, zote na majina. Xavier alisimama pembeni kwa muda akitazama shati lake, halafu akatazama katoni jinsi zilivyokuwa nyingi na watu walivyokuwa wachache, akakunja mikono ya shati na kuanza kuingiza ukurasa mpya mbele ya kila karatasi. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikuwa na vidole vyepesi, vya mtu aliyezoea kuhesabu vidonge, na kola yake ilipata wino.

Nasibu alisoma chapa ya kwanza na kuita. "Mama Augustine! Mwaka uliandika 1996, 1996!"

"Acha vile," Augustine alisema bila kuinua kichwa. "Basipotee."

Walifika stesheni mabehewa yakiwa yamejaa: wanajeshi, magunia, kuku, akina mama wa samaki wanaorudi Bukama wasijue watakuta nani. Jean muuguzi alikuwa ananing'inia kwenye mlango wa behewa, shingo ndefu, akitafuta. Alipowaona alipiga kelele kama mtu aliyeona jamaa zake wote kwa mpigo. Katoni zilipita juu ya vichwa vya watu, mkono kwa mkono, mpaka zikaingia. Nasibu aliitupa ya mwisho mwenyewe.

"Mutafute mudogo wa bibi yangu!" alimwambia Jean. "Umupatie ya kwanza! Na umusalimie!"

Treni ikavuta, ikanguruma, ikaenda.

Sephora alibaki kwenye sakafu ya stesheni, miguu inauma, faili limepata wino na mafuta ya sombe. Furaha ilikuwa imemjaa kifuani hadi hakujua aifanyie nini. Ni baada ya muda ndipo alipogundua kwamba Augustine hayupo, akamfuata kwenye chumba cha phonie ya stesheni, kile alichokaa baba yake. Kijana wa zamu alikuwa amempisha yule mama kiti chake cha zamani.

"Bukama, Bukama, hapa Kamina," Augustine alikuwa anasema. "Treni inatoka. Jean iko ndani na makaratashi ya dawa. Katoni saba, saba. Umepata?"

"Nimepata," sauti ya Bukama ilijibu. Alikuwa Marc, ambaye Augustine alizungumza naye kwenye laini miaka yote ile ya reli bila kumwona. "Katoni saba, saba. Mwisho?"

Augustine alishika kile kitufe. Akamtazama Sephora, akavua kofia.

"Hapana mwisho. Marc... jambo yako? Bibi yako iko namna gani? Na batoto?"

Redio ilinyamaza. Ilinyamaza muda mrefu hadi Sephora akadhani laini imekatika.

"Kamina," Marc alisema, na wasiwasi ulisikika hata katikati ya mikwaruzo, "kuko accident?"

"Hapana accident. Ni salamu, Marc. Salamu tu."

Sauti ikarudi, polepole, ya mtu anayepitisha ujumbe ambao hauna namba na hataki upotee njiani.

"Jambo sana, mama Augustine," ilisema. "Narudilia: jambo sana."